Sifuri kwa Arobaini

Mururu haijawahi kuwa na mtu wake kwenye fainali ya Grand Slam, na kwa jinsi viwanja vya tenisi vilivyo adimu upande wetu huu wa Rusizi, hapa Rwanda, sitarajii kumwona hivi karibuni. Wengine wanahesabu hilo kuwa hasara. Mimi naona ni heri. Mskoti aliyekuwa akimtazama Andy Murray hakuwa na la kuchagua. Upande wake ulishachaguliwa siku aliyozaliwa. Sisi tunakaa mbele ya televisheni mikono mitupu, hatumdai mtu wala hatudaiwi, na kabla seti ya kwanza haijaisha inatubidi tuamue: huyu au yule? Maana fainali ambayo huna wako ndani yake ni mpira unaokwenda na kurudi tu. Na anayesema anawapenda wote wawili, tunamjua: mshika mbili, moja humponyoka.

Kuipata fainali yenyewe ni shughuli. Ile ya wanaume ya Melbourne inaanza saa nne na nusu asubuhi kwa saa zetu, Jumapili, watu wako misani. Ya Paris ni saa tisa alasiri, na kwenye baa lazima umwombe mwenye baa akuhamishie chaneli huku wapenzi wa soka wakikutazama kwa jicho la pembeni. Mto uko hapo chini, na kituo cha umeme cha Ruzizi II kimekuwa mali ya pamoja ya Rwanda, Burundi na Congo tangu mwaka 1989. Remoti haijawahi kuwa mali ya pamoja.

Wenzangu wengi huchagua kwa bendera. Siwalaumu, ila bendera kwenye tenisi ni mshauri asiyetulia. Jaroslav Drobný alichukua Wimbledon mwaka 1954 kwa pasipoti ya Misri, naye ni mzaliwa wa Prague. Yannick Noah alipomfunga Mats Wilander seti tatu bila jibu pale Roland Garros mwaka 1983, Ufaransa ilisherehekea na Kameruni ikasherehekea, na kila moja ilikuwa na haki yake: mama Mfaransa, baba Mkameruni, utoto Yaoundé.

Chukua kisa kilicho karibu nasi zaidi. Wimbledon, Julai 2022, fainali ya wasichana wawili wawili. Upande huu Angella Okutoyi wa Kenya na mwenzake Mholanzi, Rose Marie Nijkamp. Upande ule Wakanada, Kayla Cross na Victoria Mboko. Haya, mtu wa Mururu ashike lipi? Okutoyi ni wa Afrika Mashariki, na Kiswahili anachokisema nyumbani tunakisema hapa. Lakini wazazi wa Mboko walitoka Congo, na Congo kwetu ni ng'ambo ya daraja. Asubuhi unavuka na kapu, jioni unarudi. Mechi ilikwenda hadi taibreki ya mwisho, 11 kwa 9, na Okutoyi akawa Mkenya wa kwanza kutwaa taji la Grand Slam la vijana. Mboko naye hakupotea: Agosti 2025 alimfunga Naomi Osaka kwenye fainali ya Montreal. Bendera haikuwa na la kukuambia siku ile. Ilibidi utazame mikono.

Na mikono ndiyo ninayoitazama. Wikiendi hiyo hiyo, Jumamosi tarehe 9, Ons Jabeur wa Tunisia alicheza fainali ya wanawake na Elena Rybakina. Jabeur alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kufika fainali ya Grand Slam ya mchezaji mmoja mmoja tangu enzi ya wazi ilipoanza mwaka 1968. Rybakina, mzaliwa wa Moscow, alikuwa akiichezea Kazakhstan, mwaka ambao Wimbledon iliwafungia mlango Warusi na Wabelarusi. Wengi walikuwa na Jabeur kwa sababu ya Afrika. Mimi nilikuwa naye kwa sababu ya mpira mmoja.

Ni ule mpira mfupi. Ukitaka kuujua, anza na bega. Mpira unapomjia upande wa kulia, Jabeur anageuka mwili mzima, raketi inapanda nyuma, mkono wa kushoto unanyooka mbele kupima umbali. Kila kiungo kinatangaza kwamba kishindo kinakuja, na mpinzani, kwa akili yake nzuri kabisa, anarudi nyuma hatua moja. Hapo ndipo kiganja kinapogeuka kidogo juu ya mpini. Uso wa raketi unafunguka kuelekea juu, vidole vinalegea, na mkono uliokuwa upige unapita chini ya mpira kwa upole, kama mama anayemshusha mgongoni mtoto aliyekwisha kusinzia. Mpira unavuka wavu ukizunguka kinyumenyume, unagusa nyasi na kukataa kwenda mbele. Mpinzani anakimbia, lakini anakimbilia habari iliyopita.

Kinachonivutia pale ni uamuzi kuliko ujanja. Kujua kudokoa mpira si ajabu, hata watoto wa klabu wanajua. Ajabu ni kuchelewa kuamua hadi dakika ambayo mtu mwingine yeyote angeshapiga. Mkono wa namna hiyo haupatikani kwa mwaka mmoja. Mama yake alimpeleka uwanjani akiwa na miaka mitatu, na alifika fainali ile akiwa na miaka 27.

Seti ya kwanza aliichukua 6-3, Rybakina akiwa amebanwa na mipira mifupi, mipira ya kukata na mwendo unaobadilika kila pigo. Kisha Rybakina akaanza kusoma. Hakuongeza nguvu, aliongeza uangalifu, akawa anaanza kukimbilia wavuni mapema zaidi. Seti ya pili 6-2 kwake. Seti ya tatu, yeye akiongoza 3-2 na kuanzisha, alijikuta sifuri kwa arobaini. Pointi tatu mfululizo za Jabeur kumvunja.

Huyu Rybakina ana urefu wa mita 1.84 na uanzishaji usio na mbwembwe. Mpira unapanda kutoka mkono wa kushoto bila kuzunguka, kama umewekwa juu ya rafu isiyoonekana; magoti yanakunjika, mwili unapanda, basi. Hapigi kelele. Pale kwenye sifuri kwa arobaini nilimkodolea macho nione kama mpira ule utapanda tofauti, nusu shubiri mbele au nusu shubiri nyuma, maana woga wa mchezaji huonekana kwanza kwenye mkono usioshika raketi. Haukubadilika. Aliokoa zote tatu, akachukua gemu, ikawa 4-2, na fainali ikaishia 6-2.

Tangu hapo sifuri kwa arobaini ndiyo mizani yangu. Siitumii kujua nani atashinda. Kwa hilo waulizeni wacheza kamari. Naitumia kumjua fundi. Mchezaji anapoongoza, kila mkono ni mzuri. Akibanwa kwenye gemu yake mwenyewe ndipo unaona kipi amekijenga na kipi amekiazima. Kwa mizani hiyo, siku ile nilipaswa kuwa na Rybakina, na nilikiri hivyo mbele ya waliokuwapo. Lakini upande nilikuwa nimeshauchagua, na sheria yangu ya pili ni kwamba hakuna kuhama fainali ikiendelea. Anayehama katikati anafuata matokeo, na matokeo yapo kesho yake kwenye simu.

Kuna wanaochagua kwa visa vya maisha, na hao nawaelewa zaidi kuliko wa bendera. Mwaka 2024 Kigali ilipokea mashindano ya ATP Challenger kwa mara ya kwanza, kwenye viwanja vya udongo vya chuo cha IPRC kule Kicukiro, wiki mbili mfululizo. Fainali ya wiki ya kwanza Kamil Majchrzak wa Poland alimfunga Marco Trungelliti wa Argentina. Trungelliti huyo ndiye aliyesikia mwaka 2018 kwamba nafasi imepatikana Roland Garros, akaendesha gari kutoka Barcelona hadi Paris saa kumi hivi, bibi yake akiwa ndani ya gari, akafika na kushinda mechi yake ya kwanza. Mtu anayesafiri na bibi yake unawezaje kumkataa? Wiki ya pili Trungelliti alilichukua kombe la Kigali. Hata hivyo bibi hapigi mpira. Mwinuko wa Kigali unapita mita 1,500, hewa ni nyepesi, mpira unaruka kuliko wanavyouzoea wachezaji wa pwani, na mwenye mkono mzito hapo anapeleka kila kitu nje ya mstari. Anayebaki ni yule anayejua kuushusha.

Nimalizie na fainali iliyoniumiza. Roland Garros, tarehe 8 Juni 2025, Jannik Sinner na Carlos Alcaraz. Alcaraz ana mpira mfupi wa kumkumbusha mtu Jabeur, tena ameujengea nyumba: anapiga mkono wa mbele kwa nguvu hadi mpinzani anakaribia ukuta, ndipo anaudokoa. Nilitegemewa niwe wake. Nikawa wa Sinner. Sababu ni miguu. Sinner alikua akiteleza kwenye theluji kabla hajaiacha akaifuata tenisi, na ukimtazama kwenye udongo unaona hatua ndogo ndogo za mwisho kabla ya kila pigo, hata pale mpira unapoonekana rahisi. Hafupishi kazi. Mkono wa nyuma wa pointi ya kwanza na ule wa saa ya tano inatoka kwenye kiwiliwili kile kile.

Seti ya nne, Sinner akiongoza seti mbili kwa moja na 5-3, Alcaraz akianzisha: sifuri kwa arobaini. Pointi tatu za ubingwa. Alcaraz akaokoa zote, akavunja, akachukua taibreki, kisha akamaliza kwenye taibreki ya seti ya tano 10 kwa 2, baada ya saa tano na dakika 29. Hakuna fainali ya Roland Garros iliyowahi kuchukua muda mrefu zaidi. Kule kwetu giza lilikuwa limeshaingia. Walipohesabu pointi za mechi nzima, Sinner alikuwa na 193, Alcaraz 192. Tenisi hailipi kwa jumla. Inalipa kwa zile ambazo mkono haukutetemeka, na siku hiyo mkono ambao haukutetemeka ulikuwa wa yule nisiyemshabikia.

Sikuhama. Wiki tano baadaye, tarehe 13 Julai, wawili hao walikutana tena kwenye fainali, safari hii kwenye nyasi za Wimbledon. Sinner aliongoza seti mbili kwa moja, na kwenye ya nne, akiwa 4-3 na kuanzisha, alijikuta 15 kwa 40. Aliokoa zote mbili kwa uanzishaji ule ule wa gemu ya kwanza, akashinda 6-4, na baa nzima ilikuwa na mshabiki wake mmoja tu.