Fani na Maudhui ya Mastodon: Je, Kiswahili Kina Baraza Huko?

Wahakiki wa fasihi tumezoea kuanza na swali la fani na maudhui: kazi inasema nini, na inasema kwa umbo gani. Katika toleo hili tunalielekeza swali hilo kwenye kazi isiyo kitabu, nayo ni Mastodon, mtandao wa kijamii usio na kitovu kimoja. Sababu yetu ni ya ualimu. Mwanafunzi wa Kiswahili nchini Uganda huizungumza lugha hii darasani kwa saa chache, kisha akitoka nje hukutana na Kiganda, Kinyankole, Kiacholi au Kiingereza. Anahitaji mahali pa kuendelea kuzungumza baada ya kipindi, na kwa muda mrefu mahali hapo pamekuwa kwenye mitandao ya makampuni makubwa.

Yaliyotokea Januari 2021 yanafaa kukumbukwa. Facebook ilifunga akaunti kadhaa ilizozihusisha na serikali ya Uganda. Serikali nayo ikaifungia Facebook, siku mbili kabla ya uchaguzi wa tarehe 14. Wapiganapo tembo nyasi huumia: watu wasiohusika na ugomvi huo walijikuta nje ya mlango, isipokuwa waliotumia VPN. Oktoba 2022, Elon Musk aliinunua Twitter kwa dola bilioni 44, na desturi za nyumba hiyo zikabadilika pamoja na mwenye nyumba. Mpangaji hana kauli mwenye nyumba akishaamua.

Mastodon, iliyoanzishwa mwaka 2016 na mtunga programu Eugen Rochko huko Ujerumani, inajibu tatizo hilo. Programu yake ni huria: mtu yeyote, chama au chuo kinaweza kuiweka kwenye seva yake. Kila seva ina msimamizi wake na kanuni zake, lakini wakazi wa seva moja huweza kufuatana na kujibizana na wa seva nyingine, kama vile mwenye barua pepe ya Yahoo anavyomwandikia mwenye Gmail. Kinachoziunganisha ni itifaki iitwayo ActivityPub, iliyopitishwa na shirika la W3C mwaka 2018.

Hapa tuna neno la kusema kuhusu istilahi. Wapo wanaoiita mitandao hii “iliyogatuliwa”. Ugatuzi, kama wanavyoujua wenzetu wa Kenya tangu Katiba ya 2010, ni serikali kuu kuzigawia kaunti madaraka. Mastodon haikuwa na serikali kuu ya kugawa chochote. Seva zilikuwa huru tangu mwanzo, zikakubali kushirikiana. Kwa maoni yetu “mtandao wa shirikisho” ni jina lililo karibu zaidi na ukweli. Jambo hili si dogo, kwani anayedhani kuna makao makuu ataendelea kungoja makao makuu yamtafutie wenzake.

Tukija kwenye fani, dosari ya kwanza iko mlangoni. Mgeni huombwa kuchagua seva kabla hajaonja chochote, au aipokee ile kubwa inayopendekezwa. Ni sawa na kumtaka mtu achague mtaa wa kuishi katika mji ambao hajaukanyaga. Baada ya Twitter kuuzwa, watumiaji hai wa Mastodon walipita milioni 2 mwishoni mwa 2022, kisha idadi ikashuka. Hatuamini kwamba wote waliondoka kwa uvivu. Bluesky, iliyofungua milango kwa umma Februari 2024, humpokea mgeni moja kwa moja kwenye seva za kampuni yenyewe. Ni rahisi zaidi, ila watu wengi hurudi kukaa chini ya paa moja.

Dosari ya pili haionekani haraka. Mastodon haina mtambo wa kukupangia cha kusoma: yale ya watu unaowafuata huja kwa mpangilio wa wakati. Tunausifu utulivu huo. Hata hivyo, una gharama yake. Tumezoea kusema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye Mastodon hata kizuri hujitembeza. Kukipenda chapisho hakukisambazi. Ni kulisambaza tu ndiko kunakolifikisha kwa wengine. Aidha, seva yako huyajua zaidi yale yanayotoka kwa watu ambao wakazi wake wanawafuata. Ukitafuta neno #Kiswahili kwenye seva ndogo ambayo hakuna mpenzi wa Kiswahili, unaweza kukuta ukimya ukadhani lugha haipo, kumbe wazungumzaji wako kwenye seva ambazo seva yako haijawahi kubisha hodi.

Upande wa maudhui una matumaini. Kikomo cha kawaida cha chapisho ni herufi 500. Ubeti wa tarbia wenye mizani 16 katika kila mshororo huchukua takriban herufi 150. Kwa hiyo beti tatu huingia katika chapisho moja, na mwingine akajibu kwa beti zake. Malumbano ya namna hiyo si mageni. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza Tanganyika mwaka 1923, lilichapisha mashairi ya wasomaji wa sehemu mbalimbali. Lakini gazeti lilikuwa na mhariri aliyewakusanya. Kwenye Mastodon kazi hiyo ya mhariri inafanywa na neno lenye alama ya reli, na neno hilo halifanyi kazi mpaka watu walikubali na kulitumia kwa uaminifu.

Kwa mwanafunzi anayetaka kuanza, tunashauri yafuatayo. Asome kanuni za seva na aangalie ni nani anayeiendesha, kwa kuwa seva nyingi huendeshwa kwa kujitolea na huweza kufungwa, mastodon.technology ilitangaza kufungwa mwaka 2022. Akihama, wafuasi wake huweza kuhama naye, lakini machapisho yake hubaki alikotoka, basi ahifadhi nakala. Ajaze wasifu kwa Kiswahili, aandike utambulisho wenye alama za reli, na achague Kiswahili kama lugha ya chapisho. Afuate watu na maneno, kisha ajibu, kwani anayesoma kimya hajulikani kuwa yupo. Asiandike siri katika ujumbe wa faragha: haujafumbwa, na wasimamizi wa seva wanaweza kuusoma.

Tusiuvike mtandao huu kilemba cha ukoka. Intaneti ilipozimwa nchini kote siku za uchaguzi ule wa 2021, hakuna seva ya shirikisho ambayo ingeweza kufikika. Wala hatuungi mkono wazo la kila idara kukimbilia kuanzisha seva yake. Seva inahitaji fedha, fundi na msimamizi wa kuamua ugomvi. Na ukumbi usio na wazungumzaji ni ukumbi mtupu hata kama funguo ni zako.

Uamuzi wetu ni kwamba Mastodon inampa mzungumzaji wa Kiswahili haki ambayo makampuni hayampi, yaani kuhama bila kuwapoteza wafuasi wake, na wakati huohuo inamwachia kazi yote ya kuwatafuta. Anayeingia kutafuta jamii iliyokwisha kuundwa atatoka amevunjika moyo. Wanafunzi kumi wakiingia pamoja, wakakubaliana neno moja la kukutania na kujibizana kila wiki hadi Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai, watakuwa wameianzisha jamii hiyo wenyewe. Baraza halikuwahi kujengwa na mtu mmoja aliyekaa akingoja wageni.