Masiku 8 kwa anaeshitakiwa, na katikati hakuna hesabu

Bandugu, bale munasoma droit ku UNILU munajua hesabu hii kwa kichwa: masiku 8, masiku 15, masiku 30. Tunaiandika mu egzame, tunapata pointi, kisha tunasahau. Leo ninataka kuigombeza kidogo. Sheria yetu inahesabu vizuri mwanzo na mwisho wa kesi ya sivili, lakini katikati inasinzia.

Mwanzo kwanza. Sheria ya mwendo wa kesi hizi ni dekre ya tarehe 7 mwezi wa tatu 1960, karibu miezi 4 mbele ya uhuru. Ukishitakiwa ku Tribunal de grande instance ya Lubumbashi, kati ya kupokea asinyasio na kusimama mbele ya juji lazima yapite masiku 8 mazima: siku ya kupokea karatasi haihesabiwe, siku ya odiansi nayo haihesabiwe. Ukikaa mbali, unaongezewa siku 1 kwa kila kilometa 100. Kilometa ya kwenda Pweto na ya kwenda Kolwezi zinapimwa sawasawa, hata wakati wa mvua. Anaetunga hesabu ile hakuona matope.

Usipofika, hukumu inaweza kutoka bila weye. Ukiisha kuletewa hukumu ile mu mikono yako, uko na masiku 15 ya kufanya opozisio. Apeli ni masiku 30. Ukali ule mi naukubali.

Sasa katikati. Tuseme mama moja wa Katuba anadai kiwanja chake. Odiansi ya kwanza, avoka wa mupinzani anasimama: nilipata dosie jana, ninaomba remize. Anapewa. Kisha wiki mbili: hawajatupa nakala za karatasi zao. Remize. Mara ya tatu avoka iko Kinshasa, anatuma mwenzake kuomba paka ile ile. Kila mara mama analipa bisi na kufunga meza yake ya soko siku nzima. Majibu ya maandishi, njo tunaita konklizio, hayana siku zinazokimbia zenyewe.

Mujuzi ataniuliza: na artikle 19? Iko, na ni silaha nzuri. Anaeshitakiwa akiisha kutokea, kisha akaacha kuja ao akakosa kutoa konklizio, mwenye kudai anamutumia somasio kwa njia ya wisie. Masiku 15 mazima yakipita, anaomba juji akate kesi, na hukumu inahesabiwa kama bote balikuwako. Lakini angalia vile inafanya kazi. Hesabu ile inalala mpaka mama aiamushe, na kuiamusha ni kumulipa wisie. Tena inamukamata anaepotea ao anaenyamaza. Yule anaekuja kila odiansi, koti safi, na kuomba remize kwa heshima, utasema ameacha kesi?

Tanzania, anaeshitakiwa anapewa masiku 21 ya kuleta majibu yake ya maandishi tangu kupokea wito. Kenya (inchi, hapana komini yetu) ni masiku 14 kisha kujitangaza ku tribinali. Kule pia kesi zinachelewa, tusidanganyane. Lakini kule anaechelewa njo anaomba ruhusa. Huku kwetu, anaengojea njo anatafuta dawa.

Ba-avoka banatetea remize: dosie za migodi ni nzito, zinaomba muda. Kweli kabisa. Basi juji aandike muda ule ku odiansi ya kwanza: konklizio ya huyu tarehe fulani, jibu la yule tarehe fulani, na remize ya pili itolewe kwa sababu iliyoandikwa mu karatasi ya odiansi. Wiki sita za kweli mama wa Katuba atazivumilia. Wiki mbili zinazorudiwa mara tisa zinamumaliza.

Bale muko stajiere mu ba-kabine: mara ngapi mulitumwa kuomba remize bila hata kufungua dosie? Andikeni hapa chini, bila majina.