Shaba Iliyogawiwa Brands Hatch

Shaba ile Karen Darke aliigawa mwenyewe, mchana kweupe, kamera zote zikimtazama. Waamuzi wamelaumiwa bure. Ni mbio za barabarani za baiskeli za mkono, wanawake wa madaraja ya H1 hadi H3, pale Brands Hatch, Paralimpiki ya London, Septemba 7, 2012, na kila nikiirudia ile picha ya mwisho nazidi kukasirika, maana hadi leo wapo wanaoionyesha kwa vijana kama somo la uanamichezo.

Mnakumbuka ilivyokuwa. Marianna Davis wa Marekani, yule Muffy, alishaondoka na dhahabu, na Monica Bascio akafuata na fedha. Nyuma yao walikuja Waingereza wawili, Darke na Rachel Morris, ambao walikuwa wamesaidiana njiani. Hapo hakuna kasoro. Mmoja akikata upepo mwenzake anapumzika nyuma ya magurudumu yake, ndivyo mbio hizi zinavyoendeshwa. Kasoro ilikuja mstari ulipoonekana. Badala ya kupimana nguvu walishikana mikono wakavuka pamoja, wakitaraji shaba mbili. Wote wakaandikiwa muda uleule. Picha ya mstarini ikamtanguliza Morris. Morris wa tatu, Darke wa nne, basi.

Tuliangalie tendo lenyewe, maana wanaolisifu hawajawahi kukaa kwenye baiskeli ya mkono. Kwenye chombo hiki mikono ndiyo injini, ndiyo usukani, ndiyo breki. Pedeli zake mbili huzunguka sambamba, si moja juu nyingine chini kama za miguu, kwa hiyo mikono yote miwili inasukuma pamoja na kuvuta pamoja. Ukiachia mmoja hujapunguza mwendo tu: mkono uliobaki unavuta usukani upande wake, na wewe umelala chali karibu na lami, tumbo na kiuno havikusaidii kujiweka sawa. Mtu anafanya hivyo kwa hiari, mita za mwisho za Paralimpiki, nyumbani kwao!

Halafu kuna sheria. Sheria ya baiskeli haitazami viganja wala mabega. Inatazama ukingo wa mbele wa tairi la mbele, pale unapougusa mstari. Baiskeli hizi hutengenezwa kwa kipimo cha mwenye nayo, hivyo wawili wanaweza kulingana mabega, wakashikana barabara, na bado tairi moja likawa mbele ya jingine. Aliyetaka sare ya kweli alipaswa kulinganisha matairi, na hilo halifanyiki kwa jicho ukiwa chali. Kwa maneno mengine, waliupeleka uamuzi kwenye kamera, na kamera haina urafiki na mtu.

Watetezi wa Darke watasema alikuwa daraja la H2, Morris H3, na namba ikiwa ndogo ulemavu ni mkubwa zaidi, kwa hiyo angeshindwa tu. Kuchanganya madaraja sijawahi kukupenda na sitaacha kukupigia kelele. Lakini siku ile hilo halikuwa kisingizio, kwani Davis aliyewashinda wote alikuwa wa kundi lilelile la Darke. Wiki ileile hao wawili walikutana kwenye mbio dhidi ya saa za H1-2, Davis akachukua dhahabu na Darke fedha. Morris, bingwa wa Beijing 2008, alikwenda dhidi ya saa kwenye H3 akarudi bila medali. Kwa karatasi hiyo, nani alikuwa na haki ya kuogopa? Darke angekaa nyuma ya magurudumu ya Morris hadi kona ya mwisho, apange gia mapema kwa sababu baiskeli ya mkono haichomoki ghafla, kisha ajitokeze pembeni kwa kuchelewa. Angeshindwa, angeshindwa akiwa anashindana.

Mwaka ule Waingereza walikuwa na ugonjwa wa kungojana. Julai yake, kwenye Tour de France, tulimwona Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, akipanda La Toussuire kwa nguvu halafu akaambiwa arudi amngoje Wiggins, kiongozi wa timu yake. Froome alimaliza Tour hiyo wa pili na mimi sijasahau. Ila yeye alikuwa na amri ya timu. Darke nani alimwamuru?

Wa zamani walijua wakati wa kushikana mikono. Hinault na LeMond walivuka mstari wa Alpe d'Huez kwenye Tour de France ya 1986 wamekamatana, lakini LeMond alikuwa na jezi ya njano ya kiongozi tayari mwilini, na hata hivyo Hinault alihakikisha gurudumu lake ndilo la kwanza. Na sisi tuna wetu. Filbert Bayi wa Tanzania, Christchurch 1974, mbio za mita 1,500, aliongoza tangu mwanzo na hakumngoja mtu: 3:32.2, rekodi ya dunia. John Walker aliyemfukuza hadi mwisho naye alikwenda chini ya rekodi ya zamani. Bayi hakumgawia kitu, na Walker hakuomba.

Kinachoniudhi zaidi ni machozi ya watangazaji. Waendeshaji wa miguu wakifanya vile wanasulubiwa hadi msimu uishe. Wenye ulemavu wakifanya, tunaambiwa tumeshuhudia ubinadamu. Darke ni mwanamke aliyeanguka kwenye majabali ya pwani karibu na Aberdeen mwaka 1993, akiwa na miaka 21, uti wa mgongo ukaumia akapooza kuanzia kifuani. Akavuka barafu ya Greenland mwaka 2006, akapanda El Capitan mwaka uliofuata kwa nguvu za mikono. Huyo ndiye wa kuhurumiwa mstarini?

Rio 2016 akatwaa dhahabu ya mbio dhidi ya saa, H1-3, akiwa na miaka 45. Kazi safi. Morris naye akapata yake kwenye makasia.

Kocha mwenye vijana wa baiskeli za mkono, nakuomba: wafundishe kupokezana upepo hadi mita 300 za mwisho, kisha wafundishe kuachana. Wakishavuka mstari, washikane mikono watakavyo.