Sahihi ya Asiyepanda Ndege

Taarifa ya hali ya hewa ya Nairobi, alfajiri ya Julai, huweza kusomeka hivi: HKJK 270300Z 00000KT 3000 BR BKN005 12/12 Q1022. Kwa abiria aliyekwisha kufunga mkanda, huo ni uchafu wa kompyuta. Kwa dispacha, anayezipanga safari za ndege akiwa ardhini, ni habari kamili. HKJK ni uwanja wa Jomo Kenyatta. Ni tarehe 27, saa 0300 za Zulu, saa moja ya dunia nzima inayotumiwa na wanaanga, yaani saa kumi na mbili asubuhi kwetu. Upepo umelala. Jicho linafika mita 3,000 tu kwa sababu ya ukungu mwembamba, na wingu limetanda futi 500 juu ya uwanja. Kisha zinakuja zile 12 mbili: ya kwanza ni nyuzi za joto la hewa, ya pili ni kiwango ambacho hewa ikipoa hadi hapo huanza kutoa umande. Zimekutana. Na kwa kuwa hakuna upepo wa kuufagia, ukungu mzito unaweza kuketi juu ya njia ya kutulia wakati wowote.

Ugumu ni kwamba dispacha hana mstari huo mbele yake. Ndege inayotarajiwa kutua Nairobi alfajiri hiyo bado iko Johannesburg, usiku wa manane, milango wazi, abiria wanapanda. Safari ni ya saa nne hivi. Alicho nacho ni utabiri, taarifa za saa zilizopita, na mazoea ya kuijua Nairobi ya Julai ina tabia gani. Kwa hayo anatakiwa aamue sasa hivi: Nairobi ikifungika, ndege hii iende wapi? Kilimanjaro ni jirani, lakini jirani naye huenda amefunikwa. Mombasa ni mbali zaidi, ila iko usawa wa bahari na hewa yake haifuati ya nyanda za juu. Kuchagua Mombasa ni kuongeza mafuta. Kuongeza mafuta ni kuongeza uzito, na sehemu ya mafuta hayo itachomwa kwa kazi ya kuyabeba yenyewe. Ndege ikiwa imejaa, huenda shehena fulani ikabaki chini, na mtu wa biashara atapiga simu kuuliza kulikoni.

Leseni humtaja mtu huyu kama afisa wa uendeshaji wa safari za ndege. Kenya na Tanzania humpa leseni yake kama zinavyompa rubani na fundi, na wengi wa ukanda huu wamepitia chuo cha usafiri wa anga kilichoko Embakasi. Amesomea hali ya hewa, urambazaji, sheria, uzito na mizania, na tabia za injini. Anafanya kazi katika chumba kisichoonekana kutoka ukumbi wa abiria, mara nyingi bila dirisha la kutazamia njia ya ndege, na anaishi na saa tatu kwa mpigo: ya Zulu inayoandikwa kwenye kila karatasi, ya ukutani inayotajwa na ratiba, na ya Kiswahili anayoitumia akipiga simu nyumbani. Aliyelelewa Mombasa au Tanga hufanya hesabu hiyo bila kufikiri: toa tatu kwenye Zulu, umepata saa ya mama.

Hesabu ya mafuta ina tabaka zake. Kuna ya kutembelea ardhini kabla ya kuruka. Kuna ya safari yenyewe. Kuna ya tahadhari, ambayo kwa kanuni za kimataifa kwa kawaida ni asilimia 5 ya yale ya safari, kwa ajili ya upepo uliokwenda kinyume na utabiri. Kuna ya kutoka Nairobi hadi Mombasa. Chini ya yote, kwa ndege za jeti, ipo akiba ya mwisho: mafuta ya kuzunguka dakika 30, futi 1,500 juu ya uwanja. Akiba hiyo ni kama mbegu ya msimu ujao; njaa ikizidi vipi, haipikwi. Kapteni akiona kwamba atatua akiwa ameigusa, hana hiari tena, lazima atangaze Mayday ya mafuta ili wengine wote wampishe. Juu ya tabaka hizo dispacha anaweza kuongeza za kwake, na hapo ndipo ufundi unapotengana na hesabu. Kompyuta siku hizi huzitoa tabaka zote kwa sekunde chache, pamoja na njia na kimo cha kuruka. Haijui kwamba utabiri wa leo umeandikwa kwa lugha ya woga kidogo kuliko wa jana.

Marekani ilimfanya dispacha kuwa mtu wa sheria kutokana na sheria yake ya usafiri wa anga ya mwaka 1938. Kwa mashirika ya ratiba ya huko, safari haiondoki mpaka kapteni na dispacha wote wawili wakubali kwamba inaweza kufanyika kwa usalama, na wote wawili huweka sahihi. Wajibu wa kupanga, kuchelewesha na kuruhusu safari ni wao kwa pamoja. Mmoja akikataa, imekataliwa. Ulaya haikwenda umbali huo; huko mzigo wa kisheria umebaki zaidi kwa kapteni na kampuni yake. Nimesikia hoja za pande zote mbili, nami naegemea upande wa sahihi mbili, kwa sababu moja ambayo watu wengi huiona kinyume.

Husemwa kwamba rubani ndiye mwangalifu kuliko wote kwa kuwa roho yake mwenyewe imo ndani ya ndege. Lakini tarehe 28 Novemba 2016, ndege aina ya Avro RJ85 ya kampuni ya LaMia iliondoka Santa Cruz, Bolivia, kwenda Medellín, Kolombia, ikiwa imebeba timu ya soka ya Chapecoense ya Brazil iliyokuwa ikienda kucheza fainali. Kwenye fomu ya mpango wa safari kuna kisanduku cha muda wa safari na kingine cha muda ambao mafuta yaliyomo yanaweza kuiweka ndege angani. Cha kwanza kilijazwa saa 4 na dakika 22. Cha pili kilijazwa saa 4 na dakika 22. Hakuna ya tahadhari, hakuna ya uwanja mbadala, hakuna dakika 30. Afisa wa uwanja aliyeipokea fomu aliliona hilo na akauliza. Ndege iliondoka vilevile, ikaishiwa mafuta karibu na Medellín ikisubiri zamu ya kutua, ikaanguka mlimani. Kati ya watu 77, walikufa 71. Kapteni alikuwa miongoni mwa wamiliki wa kampuni. Dispacha wa kampuni naye alikuwa ndani, akafa pamoja nao.

Roho zao zilikuwamo, na hazikuwasaidia kuona. Kilichokosekana usiku ule ni mtu wa kampuni hiyo hiyo aliyebaki chini, asiye na haraka ya kufika fainali, ambaye mshahara wake hautegemei kumpendeza kapteni, na ambaye bila sahihi yake magurudumu hayasogei. Umbali wa huyo mtu ndio ustadi wake. Hajasikia injini zikinguruma, hajasalimiana na abiria, hajaanza safari moyoni. Anaziangalia namba mbili zinazolingana, na kwake zinabaki namba mbili zinazolingana.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoiona karatasi kuwa urasimu tu. Sisi tunazijua fomu za kumridhisha mkaguzi. Ofisi zetu zimejaa watu wanaoweka vema kwenye visanduku kuanzia juu hadi chini bila kalamu kupumua. Fomu ya safari ya ndege inaweza kujazwa hivyo pia, kama tulivyoona. Lakini imeundwa kwa nia nyingine. Kiambatisho cha 6 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinamtaka kapteni, kabla ya kuondoka, athibitishe kwa maandishi kwamba ndege inafaa kuruka, kwamba nyaraka zake zimo, kwamba matengenezo yametiwa sahihi, kwamba mzigo umepangwa na kufungwa ipasavyo, kwamba mafuta yametimia. Kila mstari ni swali ambalo hapo zamani mtu fulani alisahau kuliuliza. Hata kipimo huandikwa. Tarehe 23 Julai 1983 Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta angani kwa sababu waliobadili lita kuwa uzito walitumia kizidisho cha ratili mahali pa kilo. Ilielea bila injini mpaka Gimli, kiwanja cha zamani cha jeshi, na wote wakatoka hai. Namba ilikuwa imeandikwa. Kipimo chake ndicho kilichopotoka.

Fomu hizo huhifadhiwa miezi mitatu. Ndivyo Kiambatisho kinavyotaka, na sheria ya Marekani hutaka vivyo hivyo kwa idhini ya safari, mpango wake na karatasi ya uzito. Mawasiliano ya redio ya njiani hutunzwa siku 30. Miezi mitatu si historia. Ni muda wa kutosha kwa kosa lililojificha kujitokeza, kwa mkaguzi kuja bila taarifa, kwa injini iliyolalamika mara mbili kulalamika ya tatu. Baada ya hapo karatasi inaruhusiwa kutupwa, na karibu zote hutupwa bila mtu yeyote kuzisoma tena. Sijui kazi nyingine ya kuandika ambayo mwandishi wake huomba kwa dhati asisomwe.

Ndege ikisharuka, sahihi haimalizi kazi. Dispacha anaifuata kwenye kioo, anasoma upepo mpya, anatuma ujumbe wa maandishi unaotokea chumba cha marubani: kiwanja fulani kimefungwa, kingine kina radi, una mafuta kiasi gani sasa. Tarehe 25 Januari 1990 ndege ya Avianca kutoka Kolombia ilizungushwa angani kwa zaidi ya saa moja ikisubiri kutua New York katika hali mbaya ya hewa, ikaishiwa mafuta na kuanguka Cove Neck. Watu 73 walikufa. Wachunguzi walitaja lugha iliyotumika kwa waongoza ndege, wakataja pia kwamba marubani hawakutumia huduma ya dispacha kuwasaidia njiani. Hapakuwa na mtu chini aliyekuwa akiyahesabu mafuta yale dakika kwa dakika pamoja nao.

Na kuna asubuhi ya utekaji wa ndege wa tarehe 11 Septemba 2001. Ed Ballinger, dispacha wa United Airlines, alikuwa akisimamia safari 16 za kuvuka Marekani. Saa tatu na dakika 19 akaanza kuwaonya marubani wake, safari baada ya safari, wajihadhari na watu kuvamia chumba chao. Safari ya 93 ilipata onyo lake saa tatu na dakika 24. Dakika mbili baadaye rubani akajibu akitaka uthibitisho. Saa tatu na dakika 28 wakavamiwa. Dakika hizo tunazijua kwa kuwa kila ujumbe ulibeba saa yake, na zimo katika ripoti ya tume ya uchunguzi iliyotoka mwaka 2004. Kinachonikaa moyoni ni ule mpangilio: hakupiga kelele, alizipitia ndege zake moja moja kama kawaida ya kazi.

Wenye dhamana ya kanuni wanajua hatari ya mtu kukaa chumbani mpaka akasahau ndege inafananaje. Kwa hiyo Kiambatisho cha 6 humtaka afisa huyu, ndani ya kila miezi 12, asafiri angalau upande mmoja akiwa katika chumba cha marubani, kwenye eneo analolisimamia. Marekani hutaka saa 5 kwa mwaka, na huko hapangiwi zaidi ya saa 10 mfululizo. Akimaliza zamu humkabidhi mwenzake ndege zilizo angani moja baada ya nyingine, pamoja na wasiwasi wake juu ya kila moja.

Ni rahisi kuusifu ufundi huu ukiwa na vioo vikubwa na mitambo ya shirika la kimataifa. Lakini nenda Wilson, Nairobi, penye ndege ndogo ziendazo Maasai Mara na viwanja vya changarawe. Chumba cha uendeshaji huenda ni meza, redio, simu, na daftari. Ndege ndogo aina ya Caravan imeondoka, mtu wa redio anaandika 0612. Rubani ametaja dakika 45, kwa hiyo anaandika pembeni 0657. Kwa utaratibu wa kimataifa wa utafutaji na uokoaji, ndege isipofika wala kusikika ndani ya dakika 30 baada ya muda iliokadiriwa kufika, hatua ya mashaka huanza: simu zinapigwa viwanjani, na kimya kikiendelea hatua hupanda kuwa ya tahadhari, kisha ya hatari. Hapa hiyo ni 0727. Mara nyingi kimya kina sababu ndogo: tembo wamesimama kwenye kiwanja, rubani anazunguka akingoja wafukuzwe. Mtu wa redio haruhusiwi kukichukulia hivyo. Rubani huyo hana mwingine anayejua alitakiwa afike lini, na kama ile 0612 haikuandikwa, dakika 30 hazina pa kuanzia kuhesabiwa.