Namna Ruta Zinavyothibitishana

Itifaki ya OSPF, kama ilivyoelezwa katika waraka RFC 2328 wa Aprili 1998, isipowekewa ulinzi humwamini jirani yeyote anayejua kusalimia. Kwenye kiungo cha Ethernet ruta hutuma salamu kila sekunde 10. Anayejibu kwa eneo na vipindi vilevile hupokewa, na njia anazotangaza huingia katika hesabu ya mtandao mzima. Kompyuta moja yenye programu huria ya FRRouting, ikichomekwa kwenye swichi isiyolindwa, yaweza kujitangaza kuwa njia fupi ya kutokea na kuvuta kwake mawasiliano ya taasisi nzima.

Mji wa Morogoro unafaa kuwa ramani ya mazoezi ya jambo hili. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina kampasi kuu chini ya milima ya Uluguru na kampasi ya Solomon Mahlangu huko Mazimbu. Chuo Kikuu Mzumbe kiko nje ya mji, upande wa barabara ya Iringa. Na juu ya kilele cha Bondwa kuna minara ya mawasiliano. Anayejiandaa kwa mtihani wa mitandao anaweza kubuni mtandao wa ruta tatu juu ya ramani hiyo, kiungo kimoja kikiwa cha nyuzi na kingine cha redio kupitia mlimani, kisha akajiuliza ni nani awezaye kusikiliza kila kiungo.

OSPF ina aina tatu za uthibitishaji. Aina 0 ni kutothibitisha kabisa. Aina 1 ni nywila isiyozidi herufi 8, nayo husafiri wazi ndani ya kila pakiti. Inazuia ruta iliyounganishwa kimakosa, lakini haimzuii anayesikiliza kiungo, kwa sababu salamu ya kwanza atakayoinasa itampa nywila yenyewe.

Aina 2 ndiyo yenye maana. Hapa ufunguo hausafiri. Ruta huchukua pakiti, huunganisha ufunguo mwishoni, hukokotoa heshi ya MD5 yenye baiti 16, kisha huituma heshi hiyo mahali pa ufunguo. Mpokeaji hurudia hesabu ileile kwa ufunguo wake. Matokeo yakitofautiana, pakiti hutupwa. Pakiti hubeba pia namba ya ufunguo na namba ya mfuatano isiyorudi nyuma, ili aliyenasa salamu ya jana asiweze kuirusha tena leo. Yaliyomo hayafichwi: njia zote zinasomeka. Tangu 2009, RFC 5709 imeruhusu heshi za familia ya SHA, na mtandao mpya hauna sababu ya kubaki na MD5.

Ugumu halisi uko katika kubadilisha ufunguo. Fundi aliyeko kampasi kuu akiubadilisha kwa pupa kwenye ruta ya Mazimbu kupitia kiungo kilekile kinacholindwa na ufunguo huo, baada ya sekunde 40 ujirani huvunjika na huenda ikambidi aende huko mwenyewe. Njia sahihi ni kuongeza ufunguo wa pili wenye namba yake bila kufuta wa kwanza. Kwenye ruta za Cisco, kila pakiti hutumwa mara mbili, kwa funguo zote mbili, mpaka majirani wote wawe na ule mpya; hapo ndipo wa zamani hufutwa.

Funguo zenye muda wa kuanza na kuisha huleta mtego mwingine, na mahali umeme unapokatika mtego huo si wa kufikirika. Ruta isiyo na betri ya saa huwaka ikiwa na tarehe ya miaka ya nyuma, hivyo huona hakuna ufunguo halali. Jirani huikataa, na bila jirani haifiki kwenye seva ya saa ambayo ingeirekebishia tarehe. Dawa ni kuacha ufunguo mmoja usio na kikomo, au kuweka njia ya kudumu kwenda kwenye seva hiyo.

Itifaki ya BGP, inayounganisha watoa huduma katika kituo cha TIX jijini Dar es Salaam, hulinda kikao chenyewe cha TCP: kwa MD5 tangu RFC 2385 ya 1998, na kwa TCP-AO tangu 2010. Ulinzi huo humtambua msemaji tu. Tarehe 24 Februari 2008 Pakistan Telecom ilitangaza anwani za YouTube kana kwamba ni zake kwa mtoa huduma wake halali, na dunia ikafuata. Nywila isingezuia lolote. Kinachopima ukweli wa tangazo ni mfumo wa vyeti wa RPKI, ambao msajili wa anwani AFRINIC huutolea vyeti barani Afrika.

Mtihani wa Cisco ENARSI 300-410, wa dakika 90, unataja uthibitishaji wa majirani chini ya itifaki za EIGRP, OSPF na BGP, na unauweka upande wa kutatua hitilafu. Kwa hiyo kukariri amri hakutoshi. Mtahiniwa aharibu kimoja baada ya kingine: aina tofauti pande mbili, namba ya ufunguo tofauti, nafasi tupu mwishoni mwa nywila, saa iliyopotoka, kila mara asome ujumbe wa ruta na kuandika tofauti aliyoiona. FRRouting ni ya bure, na ruta zote tatu za ramani ya Morogoro zinaenea ndani ya kompyuta moja ya mkononi.