Kupunguza Kingo za Picha: Hoja ya Vilima vya Pugu

Vilima vya Pugu, vilivyo kilomita 20 hivi kusini-magharibi ya bandari ya Dar es Salaam, huwavuta wapiga picha wa mandhari. Aghalabu picha zipigwazo huko zina ila moja: upeo wa macho umepita katikati kabisa, mbingu tupu juu, vichaka chini, na jicho halijui litue wapi. Dawa ijulikanayo ni kupunguza kingo. Mbingu ikipunguzwa hata upeo ukae penye theluthi ya juu, ardhi hupata uzito wake. Na upeo ulioinama ukisawazishwa, picha hutulia.

Kazi hii si ngeni. Zamani fundi wa chumba cha giza aliinua mashine ya kukuzia, kingo zikaangukia nje ya karatasi. Siku hizi hufanywa kwa kompyuta, wala haikosi gharama: picha ya nukta 6,000 kwa 4,000, ikikatwa nusu ya upana na nusu ya kimo, hubakiwa na nukta milioni 6 katika milioni 24. Tena kukata hakubadili mahali aliposimama mpiga picha. Mti uliozibwa na mwingine utabaki umezibwa.

Lakini hoja iliyo kubwa ni kile kikatwacho. Huko Pugu, sehemu ya chini ya picha huweza kuwa na visiki, vijia vya wachoma mkaa, au weupe wa machimbo ya kaolini. Vitu hivyo huvunja ulinganifu. Navyo ndivyo vielezavyo hali ya msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, uliopungua kwa mahitaji ya mji ule ule uonekanao kwa mbali.

Mnamo Januari 2020, huko Davos, Uswisi, shirika la habari la Associated Press lilitoa picha ya vijana watetezi wa mazingira, nyuma yao milima yenye theluji. Vanessa Nakate wa Uganda, Mwafrika pekee kati ya watano, alisimama ukingoni, akakatwa. Shirika lilieleza kwamba mpiga picha alikata kwa ajili ya mpangilio tu, kwa kuwa jengo la nyuma lilisumbua jicho. Kisha likaomba radhi. Udhuru huo hauna budi kupimwa kwa haki. Huenda jengo lilisumbua kweli. Ila pamoja na jengo aliondoka mtu, na pamoja na mtu ikaondoka habari.

Mhariri wa utenzi aondoaye ubeti mmoja aweza kuacha vina na mizani vizima, kumbe kisa kimekatika. Basi mbingu tupu na ikatwe, haina mteteaji. Visiki, je? Navyo vina mahali pake: vikiwekwa katika theluthi ya chini, jicho huanzia hapo, likapanda msituni, likaishia mjini. Hapo picha imepata mpangilio, na Pugu haikupoteza neno lake.