Mkono wa Wanormani katika Makanisa ya Sicilia

Katika vitabu vya historia ya ujenzi huandikwa kwamba Wanormani waliyatia athari majengo ya kusini ya Italia katika karne ya kumi na moja na ya kumi na mbili. Neno hili ni kweli, lakini ni kweli isiyotosha. Mwanafunzi akilikariri pasipo kulipima, atadhani kwamba watu hao walitoka kwao Normandy, kaskazini ya Ufaransa, wakiwa wameubeba ufundi wao begani, wakautua kusini kama mzigo utuliwavyo bandarini. Mambo hayakwenda hivyo. Walifika kama askari wa kukodiwa, kisha wakawa mabwana wa wale waliowakodi. Mwaka 1072 Robert Guiscard na nduguye Roger waliuteka Palermo, mji uliokuwa mikononi mwa Waislamu tangu mwaka 831. Na siku ya Krismasi ya mwaka 1130 mwana wa Roger, aitwaye Roger wa Pili, alivikwa humo taji la ufalme. Wenyewe walikuwa wachache. Raia zao walikuwa Wakristo wa Kilatini, Wagiriki na Waarabu, na kila kundi lilikuwa na mafundi wake waliokwisha kukomaa katika kazi. Yafaa basi tuulize: mtu ajengaye kwa mikono ya wengine, je, jengo ni lake?

Upande wa bara jibu ni jepesi. Katika kanisa kuu la Aversa, na katika kanisa la Utatu Mtakatifu huko Venosa, ambalo halikumalizika hata leo, nyuma ya madhabahu pana njia ya kuzungukia yenye vikanisa vidogo ubavuni, mfano wa makanisa ya Ufaransa yaliyopokea mahujaji wengi. Hapo mkono wa mgeni waonekana dhahiri, ingawa mawe mengi ya Venosa yalitolewa katika magofu ya Warumi yaliyokuwa jirani. Ni kazi imara, yenye heshima, wala haimshangazi mtu.

Mshangao uko Palermo, ndani ya jumba la mfalme, katika kanisa dogo liitwalo Cappella Palatina. Roger wa Pili alilianzisha muda mfupi baada ya kutawazwa, na maandishi ya Kigiriki chini ya kuba yake yataja mwaka 1143. Mwenye kuingia huona ukumbi mrefu wenye safu mbili za nguzo, kwa desturi ya Kilatini. Akitazama mbele, huona kuba na kuta zilizofunikwa kwa picha za vijiwe vya kioo na dhahabu, kazi ya Wagiriki. Juu ya nguzo matao yana ncha, mfano wa malango ambayo msomaji aliyefika Gedi ameyaona; wakati huo katika nchi ya Normandy matao yalikuwa bado ya mviringo. Kisha akiinua macho juu ya ukumbi, huona dari ya mbao ambayo haina mfano katika kanisa lolote la Ulaya. Ni vishubaka vidogo vidogo vilivyoshikamana na kuning'inia kama sega la nyuki, vikiwa vimeundwa kwa mbao nyembamba na kupakwa rangi kwa namna ya Kiislamu: wapiga ala za muziki, wanywaji, wachezaji wa sataranji, ngamia, na maandishi ya Kiarabu ya kumwombea mfalme baraka na ushindi. Hayo yote yamo juu ya vichwa vya watu wasalio! (Mfalme huyu ndiye aliyemkaribisha barazani kwake Al-Idrisi, mwanajiografia ambaye kitabu chake kilichokamilika mwaka 1154 chataja Malindi na Mombasa.)

Wako wasemao kwamba hapo Mnormani hakufanya lolote ila kufungua mfuko wa fedha. Mimi siwafuati, na hoja yangu iko Cefalù, mji wa pwani ulio chini ya jabali kubwa, ambako Roger alianza kujenga kanisa kuu mwaka 1131. Mbele lina minara miwili mizito, kama makanisa ya kaskazini. Ndani ni ukumbi wa kimo kirefu, usio na kuba. Fundi wa Kigiriki alizoea kuiweka sura ya Kristo Mtawala wa Vyote katika kilele cha kuba, na malaika na mitume chini yake kwa daraja. Cefalù hapakuwa na kilele hicho. Ilimbidi aishushe sura ile hadi kwenye ukuta uliopinda nyuma ya madhabahu, na chini yake ampange Mariamu kati ya malaika, kisha mitume. Kazi hiyo ina tarehe ya mwaka 1148. Kristo ameshika kitabu kilichofunguliwa, ukurasa mmoja Kigiriki na wa pili Kilatini. Naye, badala ya kumtazama mtu kutoka mbali juu ya kichwa chake, humkabili tangu anapovuka kizingiti. Mnormani hakushika hata kijiwe kimoja cha picha ile. Walakini umbo la nyumba yake ndilo lililomlazimisha fundi kuwaza upya, na fundi akatoa jambo bora kuliko alilozoea. Huo ndio ninaouita mkono wa Wanormani.

Monreale, karibu na Palermo, mjukuu wa Roger, William wa Pili, alitaka kuwapita wote waliomtangulia. Kanisa alilolianza mnamo mwaka 1174 lina picha za vijiwe zenye eneo la zaidi ya mita za mraba 6,000, na wageni wengi hulisifu kuliko mengine. Kwangu ni kama hotuba ya mtu asiyejua mahali pa kunyamaza. Kila ukuta unasimulia, kila pembe inang'aa, na jicho halipati pa kupumzika mpaka litokapo nje kwenye ua wa watawa, penye nguzo nyembamba zilizosimama mbili mbili, zaidi ya mia mbili, kila jozi na nakshi yake. Hapo ndipo pazuri.

Liko neno jingine la kupimwa. Mwaka 2015 majengo ya Palermo, pamoja na makanisa makuu ya Cefalù na Monreale, yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia, na mara nyingi husifiwa kuwa ushahidi wa mataifa kukaa pamoja kwa amani. Kwamba walifanya kazi pamoja hakuna awezaye kukana. Bado lipo jiwe la kaburi la mwaka 1149 ambalo padri mmoja wa mfalme alimwekea mama yake, nalo limeandikwa Kilatini, Kigiriki, Kiarabu, na Kiarabu tena kwa herufi za Kiebrania. Lakini katika ghasia za mwaka 1161 Waislamu wengi wa Palermo waliuawa, na baada ya William wa Pili kufa mwaka 1189 waliobaki mjini walishambuliwa tena, wengi wakakimbilia milimani. Tangu miaka ya 1220 Frederick wa Pili, mjukuu wa Roger kwa upande wa mama, aliwahamisha kwa nguvu hadi Lucera, mbali upande wa bara. Mwaka 1300 mji wao wa Lucera ulivunjwa, na wengi wakauzwa utumwani. Dari ya Cappella Palatina ilibaki mahali pake, na ile dua ya Kiarabu ya kumwombea mfalme ushindi ingali inasomeka.